Vivuli Viwili vya Kibuyu

Mwanza,
14 Septemba 1997

Mpendwa Senge Eufrasia,

Mwadila, senge. Natumaini hujambo na magoti yako bado yanakubali kukupeleka kanisani. Mimi ni mzima, ila maharage ya chuo yana wadudu kuliko maharage. Msalimie baba, mwambie rozari aliyonipa ninayo. Asiulize naisali mara ngapi. Msalimie mdogo wangu Novatus, na umwambie baiskeli isiyo na breki itamfikisha mbinguni kabla ya zamu yake. Mama msalimie kuliko wote. Je, bado anabeba sahani yake na kwenda kula chumbani peke yake kama bibi harusi? Lukresia, rafiki yangu wa bweni, hucheka kila nikimsimulia hilo.

Nakuandikia wewe, shangazi yangu, kwa sababu nikimwandikia mama atasomewa na baba, na baba husoma barua kama anasoma somo la Ijumaa Kuu. Mwaka huu wa pili nimechagua somo la sanaa. Najua utacheka. Mwalimu Ngeleja ametupa kazi moja ya muhula mzima: kila mtu apange mezani vitu vya kwao, asivisogeze, avichore. Lakini si kwa penseli tu. Picha hiyo moja inatakiwa iwe na mkaa, chaki, wino, gazeti lililochanwa, kitambaa, udongo, hata vipande vya vitu vyenyewe vikabandikwa kwa gundi, ili mtu akipitisha kiganja juu yake ajue kwenu kukoje. Kazi hiyo ndiyo mtihani wetu wa vitendo, na wakaguzi watakuja kuiona mwezi wa pili.

Mezani kwangu pana koroboi, tawi la pamba lenye vitumba vilivyopasuka, kipande cha khanga yako ya zamani, na kibuyu kidogo. Hicho kibuyu nilikichukua nyumbani likizo. Kilikuwa kimetundikwa nyuma ya kitanda cha mama, kidogo kama ngumi ya mtoto, cheusi kwa mafuta na moshi, na ushanga mweupe shingoni. Kila kitu pale nyuma kilikuwa na vumbi isipokuwa hicho. Mama alikuwa shambani anang'oa miti ya pamba, na gari lilikuwa linapiga honi barabarani, basi nikakitia kwenye mkoba. Mwambie ninacho mimi, asije akamgombeza Novatus bure.

Ni mimi mwanao,
Veronica


Mwamapalala,
5 Oktoba 1997

Mwanangu Veronica,

Salamu zako zimefika, pamoja na dharau kwa magoti yangu. Barua ilikaa parokiani Bariadi kwa sababu mwenye ufunguo wa sanduku la posta alisafiri nao mfukoni. Hapa ni wazima. Baba yako anafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza mpaka sauti imemkauka. Wanunuzi wa pamba mwaka huu wamekuja watatu, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na tabia yake. Pamba safi na pamba fifi, ile chafu, wanashindilia gunia moja. Zamani karani wa ushirika angekumwagia mzigo wako chini mbele za watu. Ghalani kwa ushirika sasa wanalala mbuzi. Mimi nimefungua genge mbele ya nyumba, nauza chumvi, sabuni na betri za redio. Siku hizi ni ruksa, hata sisi vikongwe tumekuwa wafanyabiashara.

Kwa hiyo baba yako anauza pamba ili wewe ukachore koroboi. Haya. Sikucheka, nilitabasamu tu.

Sasa sikia. Kibuyu kile kirudishe.

Mama yako alijua hakipo siku ileile uliyoondoka. Alipekua nyumba, akatoa kitanda nje, akachambua hata rundo la pumba kwa vidole. Hakumgombeza mtu. Nilipomwambia unacho wewe, akaniuliza kama huko chuoni mnapewa uji. Nikasema mnapewa. Akasema vizuri, akarudi ndani.

Mpe mtu unayemwamini anayekuja huku, si mtu yeyote tu. Mpaka hapo usikioshe. Usikiache tupu pia: chochote unachokula, tia kidogo ndani, hata punje mbili za wali. Usiniulize kwa nini. Kuna neno nililompa kaka yangu, yaani baba yako, siku nyingi zilizopita, na sitalivunja kwa ajili ya picha.

Senge yako,
Eufrasia


Mwanza,
28 Oktoba 1997

Mpendwa Senge,

Mwangaluka, maana naandika asubuhi kabla ya kipindi. Hongera kwa genge. Niwekee kipande cha sabuni, ya hapa chuoni hata povu haina. Mvua imeanza mapema na kwa fujo. Redio inasema ni Elinino, na Lukresia anasema jina lenyewe ni kama la mcheza mpira. Baba naye, sauti imerudi?

Barua yako ilichelewa, senge. Kibuyu nilikuwa nimeshakiosha. Ndani kulikuwa na ukoko mgumu, tabaka juu ya tabaka, kama sufuria ya uji isiyosuguliwa miaka. Niliukwangua kwa kisu na sabuni ya unga. Ulinuka maziwa. Kama nimekosea naomba unisamehe, sikujua.

Tangu hapo kuna jambo ambalo sijalielewa. Darasa letu lina dirisha moja tu, liko kushoto kwangu. Koroboi ina kivuli kimoja, tawi la pamba lina kivuli kimoja. Nikichora kibuyu, mwalimu Ngeleja anakuja anasimama nyuma yangu, ananiuliza, "Veronica, mwanga wako wa pili unatoka wapi?" Natazama, nakuta nimekichorea vivuli viwili. Kimoja kinaangukia kulia kama inavyotakiwa. Cha pili kinakuja mbele, upande wangu. Nafuta kwa mkate, maana ndivyo mkaa unavyofutwa, na kesho yake nakichora tena vilevile. Mkono ni wangu, simsingizii mtu. Sasa mwalimu ameacha kuuliza. Anasema nikiache, kinapendeza.

Na njaa, senge. Namaliza ugali wangu na tumbo bado linadai. Juzi Lukresia aliniuliza kwa nini kila siku nasogeza nusu ya chakula pembeni ya sahani na kukiacha. Sikuwa na habari kwamba nafanya hivyo.

Kibuyu kipo salama. Nitakileta mwenyewe Krismasi, mwalimu akishamaliza nacho. Ila nikuulize, kwa kuuliza tu: kitu kama kile kikipasuka, si kinapatikana kingine? Vibuyu vinaota hata jalalani.

Mwanao,
Veronica


Mwamapalala,
23 Novemba 1997

Mwanangu,

Sabuni nimekuwekea, kama panya hawataitangulia. Mto umekula mpunga wa jirani pamoja na shamba lenyewe. Ng'ombe wanakwama matopeni na kuvutwa kwa kamba. Baba yako anasali mvua ipungue. Mwaka jana alisali iongezeke, nami nimemwambia Mungu naye ana kichwa, atachanganyikiwa. Novatus alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kisimani, ameacha jino huko. Mama yako alimfuta damu akimwita "Shija wangu, Shija wangu," kama anavyomwita akiwa na huruma naye. Hajambo sasa, anacheka na pengo lake.

Swali lako la mwisho sikulipenda. Ni kweli, vibuyu vinaota jalalani. Kile hakikukatwa kwa kazi ya kubebea chumvi.

Mama yako hali chakula. Anapika kama kawaida, anatugawia wote, anabeba sahani yake chumbani, na sahani inarudi ilivyokwenda. Mwanzo tulidhani ni homa. Zahanati wamempima damu, wakampima tena, hawaoni kitu. Wamempa vidonge vya kuleta hamu. Vidonge anavimeza, chakula hapana. Jana nilikaa naye kitandani nikamwambia, "Wifi, hata kijiko kimoja." Akanijibu taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto, kwamba hawezi kula wakati nyumbani kuna mtu hajala. Nikamwambia wote tumekula, hata mbwa. Akanitazama mpaka nikainamisha macho.

Khanga iliyokuwa inamtosha sasa anaizungusha mara mbili kiunoni. Ninaogopa, Veronica. Usisubiri Krismasi, kilete sasa. Na kama una la kuniambia kuhusu kibuyu hicho, sema ukweli nijue.

Senge yako,
Eufrasia


Mwanza,
12 Desemba 1997

Mpendwa Senge,

Mwadila. Barua yako imefika imelowa, nimeianika kwenye waya wa nguo ndipo nikaisoma. Mpe Novatus pole ya jino. Chuo kimefunga lakini sisi wa huko tumebaki. Basi la Bariadi linaishia njiani, daraja limekwenda na maji, na reli nayo wanasema tuta limesombwa kabla ya kufika Malampaka. Mama amekula? Andika neno moja tu, amekula au hajala.

Jana Lukresia, ambaye kwao ni Kahama, alikuwa ananisaidia kukata magazeti ya kubandika. Nikamsimulia jino la Novatus na jinsi mama alivyokuwa anamwita. Akaacha mkasi.

"Mdogo wako anaitwa Shija?"

Nikamwambia mama ndiye anayemwita hivyo, ni jina la babu.

"Kwetu Shija ni anayezaliwa nyuma ya mapacha," akasema. "Kulwa, Doto, halafu Shija. Kwani kwenu mapacha ni nani?"

Nikamjibu hakuna. Mimi ni kifungua mimba, Novatus ananifuata. Akarudi kukata magazeti, lakini hakunitazama tena usoni.

Senge, hilo jina nimelisikia maisha yangu yote, nami ni Msukuma kama wewe, na sikuwahi kujiuliza. Mtu haulizi mlango wa kwao ulitokea wapi. Sasa nauliza. Nani alizaliwa kabla yangu?

Picha inakaribia kwisha. Mwalimu anasema ni bora kuliko zote darasani, na mimi siwezi kukaa nayo peke yangu. Nikisogea mbali naona kana kwamba kuna mtu ameketi upande wa pili wa meza, na vitu vile vyote vimeandaliwa mbele yake, wala si mbele yangu. Nimemwomba Lukresia awe anakuja na kitabu chake kukaa nami. Anakuja, lakini hukaa karibu na mlango.

Kuhusu kibuyu, tutazungumza mvua ikipungua.

Mwanao,
Veronica


Mwamapalala,
4 Januari 1998

Mwanangu,

Mwaka mpya umetukuta tumelowa lakini tupo. Krismasi baba yako aliendesha ibada peke yake, padri alishindwa kuvuka mto. Novatus alikuimbia wimbo wako uupendao, kwa pengo. Umeniomba neno moja. Neno ni hajala. Anakunywa maji, na maji nayo ni ya kubembelezwa.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Niliahidi kunyamaza. Sikuahidi kumzika wifi yangu kwa kunyamaza.

Ulizaliwa wa pili. Aliyekutangulia alikuwa msichana kama wewe, mweupe kuliko wewe na mlafi kuliko wewe. Baba yako alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa katekista. Wazee walikuja na ngoma ya mapacha na zile nyimbo za matusi zinazoimbwa ili watoto wakae salama. Akawazuia mlangoni. Alisema wanawe watapata ubatizo, inatosha. Mtoto yule alikufa kabla ya kubatizwa, hata mwezi hakuumaliza. Mimi sisemi alikufa kwa kukosa ngoma. Homa ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba mwaka ule. Lakini baba yako aliyasikia maneno ya watu, akakataza mtoto yule asitajwe tena, wala wewe usiitwe Doto. Novatus alipozaliwa, mama yako akamwita Shija kwa ukaidi, na baba yako akatangaza kwamba ni jina la babu.

Sasa sikia la kibuyu. Kwetu pacha akifa, kibuyu kidogo kinashika nafasi yake, kwa sababu aliyebaki haachwi ale peke yake. Mama yako alikikata kwa mkono wake. Ulipokuwa unanyonya ziwa la kulia, la kushoto alilikamulia humo. Ulipoanza uji, na humo ulitiwa uji. Ukaenda shule, yeye akaendelea. Huko chumbani ulikokuwa unacheka kwamba anakula kama bibi harusi, alikuwa anamlisha Kulwa kwanza. Hajawahi kula kabla yake tangu mlipozaliwa. Baba yako analala kitanda kilekile, atakosaje kujua? Hakuwahi kuuliza, na mama yako hakuwahi kusema. Hivyo ndivyo ndoa yao ilivyodumu.

Sasa wifi yangu hakai bila kuegemezwa. Nimemwambia kaka yangu kwamba aliyekataza ndiye atakayekwenda kukifuata. Nimemwacha uani anapaka mabuti yake mafuta.

Akifika, kama kimevunjika, usimfiche.

Senge yako,
Eufrasia


Mwanza,
25 Januari 1998

Mpendwa Senge,

Barua hii anakuletea baba. Nimeibana kwa gundi ileile ya picha, ukiifungua polepole itapona. Salamu kwa wote, leo siwezi kuziandika moja moja.

Nilikivunja. Nilikivunja mwezi wa kumi, wiki ileile niliyokuandikia kwamba kipo salama. Mwalimu alisema picha yangu inataka kitu cha kushikika, nami nikakifunga kwenye kitambaa nikakigonga kwa jiwe. Nikavibandika vipande kwenye karatasi, kimoja baada ya kingine, kwa umbo lake lilelile. Sehemu ya mdomo ilisagika kabisa, basi mdomo nikauchora kwa mkaa. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa, na kadiri ulivyoandika ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilipopata barua yako ya mwaka mpya nilijaribu kuvibandua. Kila kipande kinataka kutoka na karatasi yake.

Baba aliingia hapa jana, matope mpaka magotini. Treni ilisimama mahali, wakashuka na kutembea juu ya reli. Hakuniambia kilichomleta. Alisema tu, "Mama yako anataka kitu chake." Mimi nami sikumwambia kwamba najua. Nikampeleka darasani.

Picha ilikuwa ukutani. Alivua kofia. Akanyoosha kidole akakipitisha juu ya kivuli cha kwanza, halafu cha pili. Kidole kikatoka na mkaa, na hakukifuta.

Mwalimu Ngeleja akaja kwa furaha. "Karibu, mzee. Binti yako ana kipaji. Hiyo ndiyo tunayoitegemea kwa wakaguzi."

"Nimekuja kuichukua," baba akasema.

"Haiwezekani, mzee wangu. Ikiondoka leo nitaandika hana kazi. Atarudia mwaka mzima."

Baba akanigeukia. Sijawahi kumwona baba yangu akiniomba kitu, senge, na hata sasa midomo haikufunguka. Macho ndiyo yaliyoomba. Nilifikiri juu ya mama, na nilifikiri pia juu ya mwaka wangu, sitakudanganya tena. Nilimaliza kufikiri nikiwa nimeshapanda kwenye kiti, nachomoa misumari.

Kwa hiyo nitarudia na walio nyuma yangu. Inauma, na nimelia, lakini si sana. Picha tumeifunga kwa nailoni na gunia la pamba. Nilitaka kuja naye. Amekataa, anasema njia ile si ya msichana. Mimi nadhani alitaka kusafiri na Kulwa, wawili tu.

Mwanao,
Veronica


Mwamapalala,
9 Februari 1998

Mwanangu Doto,

Mhola hapa, kwema. Nianze na salamu kama watu wenye adabu: Novatus anakusalimu, majirani wanakusalimu, mbwa amezaa. Genge limefungwa kwa wiki moja kwa sababu muuzaji alikuwa na shughuli.

Baba yako alifika Jumatano jioni. Koti lake lilikuwa juu ya picha, yeye mwenyewe alikuwa na shati tu, analowana kama ndama. Hakunisalimu. Aliingia nayo chumbani moja kwa moja, akaifungua, akaiegemeza ukutani kando ya kitanda. Mimi nilimwinua wifi yangu. Amekuwa mwepesi kiasi kwamba niliona aibu.

Alinyoosha mkono akavigusa vipande. Alivijua vyote, kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Hakulia wala hakuuliza nani kakivunja. Vidole vikapanda juu, juu, mpaka mahali palipokuwa karatasi tupu.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza.

Baba yako akanitazama mimi.

"Mmemziba mdomo," akasema, akageukia upande wa pili. Hapo nilijua tumemkosa. Nilianza kufikiria nani wa kupelekewa habari.

Baba yako akatoka. Nilidhani amekwenda kusali. Kumbe alikwenda jikoni, yeye ambaye hajawahi kujua mwiko unakaa wapi, akarudi na bakuli la uji. Akapiga magoti mbele ya picha yako. Akaweka kidole juu ya ule mdomo ulioutia kwa mkaa.

"Uko hapa, Milembe," akamwambia mama yako. "Tazama. Mtoto ameuchora."

Kisha akachota kijiko. "Kula, Kulwa," akasema.

Sikuwahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake. Uji ukateremka juu ya karatasi, ukapita kwenye khanga yangu na kwenye pamba, mkaa ukachuruzika mpaka sakafuni. Picha yako iliharibika mbele ya macho yangu, mwanangu, na sikumzuia. Akachota tena. Karatasi ikalowa, ikalainika, na pale penye mdomo ikatoboka, tundu la kuingia kijiko. Uji ukaanza kuingia. Alilisha mpaka bakuli likaisha, machozi yanamtoka. Mama yako alikuwa amegeuka, anaangalia kila kijiko.

"Ameshiba," akasema. "Nipeni na mimi."

Akala. Kidogo siku ile, zaidi siku iliyofuata. Leo amekula ugali na dagaa na kunilaumu kwamba chumvi ni nyingi. Atapona. Mwaka wako umeliwa, najua, na nakupa pole kwa moyo wote, lakini una mama.

Lipo jingine. Alhamisi asubuhi nilikwenda kuisogeza picha nifute uji nyuma yake, maana bakuli zima lilipitia pale na siafu wa mvua hizi hawabishi hodi. Ukuta ulikuwa mkavu. Sakafu nyuma yake kavu. Mgongo wa karatasi nao mkavu, hauna hata doa. Nilipitisha kiganja, nikapitisha tena. Nilipogeuka nikamwona baba yako amesimama mlangoni, naye ameona.

"Hilo usimwandikie mtoto," akaniambia.

Nikamwuliza, mtoto yupi? Alichukua bakuli, akaenda kukoroga uji mwingine.

Senge yenu,
Eufrasia